Kozi fupi bila kalamu nyekundu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu kozi fupi za vyuo vikuu. Siku hizi gazeti halifunguki bila tangazo lake: siku tano za uongozi, wiki sita za uchambuzi wa takwimu, miezi miwili ya uandishi wa miradi, na chini kabisa, kwa herufi nene, "Cheti kitatolewa." Sina ugomvi na kozi hizo. Nimesoma mbili, moja kwa ajili ya kazi na nyingine kwa ajili ya moyo wangu tu, na ile ya moyo ndiyo iliyonifundisha. Sababu nadhani naijua. Ni kalamu nyekundu.

Mimi ni karani wa masijala, mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu ni majalada: kuyafungua, kuyapa namba, kuyatoa na kuyadai kwa wanaoyakalia miezi mitatu kwenye droo zao. Ofisi ilipoanza kuhamishia kumbukumbu kwenye kompyuta, mkuu wangu alinipeleka kozi ya siku tano ya usimamizi wa nyaraka. Chuo sikitaji. Walimu wenyewe walikuwa waungwana, na mmoja wao alikuwa anajua mambo kwelikweli.

Tulisoma kwa saa sita kila siku, au niseme tulikaa. Slaidi zilipita moja baada ya nyingine. Mwalimu akiuliza, "Tuko pamoja?" darasa zima linaitikia, "Tuko pamoja!" na hapo inahesabika kwamba tumeelewa. Siku ya tatu nikanyoosha mkono na swali lililonisumbua miaka mingi. Mtumishi ameandika barua moja, aya ya kwanza anaomba likizo, aya ya pili analalamika hajapandishwa cheo. Barua hiyo inaingia jalada lipi? Na rejea inaandikwaje ili mwenye kushughulikia lile jalada jingine naye aione? Mwalimu akasema swali zuri sana, tutalirudia. Hatukulirudia. Siku ya tano tukapanga mstari, tukapigwa picha ya pamoja, tukagawiwa vyeti. Changu kilikuwa kimekosewa herufi moja ya jina. Jirani yangu, ambaye siku mbili nzima hakutokea na mwenzake akawa anamsainia mahudhurio, alipata cheti kilekile, na jina lake lilikuwa sawasawa.

Sisemi kwa wivu. (Labda kidogo.) Ninachosema ni kwamba kwa saa 30 zile hakuna aliyeona ninachoweza wala nisichoweza kufanya. Sikuandika hata mstari mmoja ukasomwa na mtu. Nilirudi kazini na cheti kwenye bahasha, nikaikuta barua yenye mambo mawili inanisubiri mezani.

Kozi ya pili ilikuwa ya elimu ya anga, jioni moja kwa wiki kwa wiki kumi. Haikuwa na cheti. Nyumbani waliniuliza kama itanipandisha cheo, nikawajibu haitanipandisha popote ila juu ya paa. Na kweli huko ndiko niliko­ishia, maana zoezi letu kubwa lilikuwa kuangalia sayari ya Mshtarii kwa darubini ndogo ya macho mawili, kila usiku wenye anga safi, kwa wiki mbili. Unachora duara katikati ya ukurasa, halafu unaweka nukta kwa kila mwezi unaouona kando yake. Inayoonekana kwa darubini ndogo ni minne, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610. Sharti lilikuwa moja: usichore unachokijua, chora unachokiona. Nilitetemeka mikono mpaka nikaegemeza darubini kwenye mpini wa ufagio ndipo nukta zikatulia.

Nilipata kurasa 11, nikajivuna. Nilikuwa na nukta moja niliyoipenda kuliko zote, ilianza karibu na sayari na kila usiku ikawa inazidi kusogea kushoto. Nikaiandikia jina kwa herufi nzuri: Callisto, mwezi wa mbali kuliko ile mingine mitatu. Daftari liliporudi, nukta ile ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika: "Callisto humaliza mzunguko kwa siku 17 hivi. Mwezi ukifika mwisho wa kamba hugeuka. Huu wako umeondoka usiku wa saba sasa, mbona haugeuki?"

Hakuandika jibu. Nilikaa na swali hilo siku mbili, hata ofisini, mpaka nikiwa katikati ya kupanga majalada likanijia: ile haikuwa mwezi. Ilikuwa nyota ya mbali iliyotulia mahali pake, na aliyekuwa anaondoka ni Mshtarii mwenyewe, na miezi yake yote nyuma. Ndugu Mhariri, mimi mtu wa miaka 47 nilisimama kwenye ngazi ya masijala nikacheka peke yangu. Mstari mmoja wa wino ulinipa kitu ambacho slaidi mia hazikunipa. Mwalimu yule wa nyaraka angeniandikia mstari kama huo kuhusu barua yangu, hata wa kunikosoa vikali, ningemshukuru mpaka leo.

Najua kuna wanaosema watu wazima hawataki kusahihishwa, kwamba ukiwatajia zoezi watakimbia. Darasani kwetu alikuwamo mama mmoja mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Siku ya kwanza alisema wazi, "Mwanangu, mitihani nimesahihisha mimi ya kutosha, hapa sikuja kufanya mwingine." Basi, daftari zikirudishwa yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunyanyuka kwenye kiti. Mtihani na kusomwa kazi yako ni vitu viwili. Asiyetaka asikusanye, ni haki yake, lakini anayekusanya asomwe.

Wala si jambo geni ninaloomba. Kozi za vyuo vikuu kwa watu wa nje zilianza na daftari. Mwaka 1867 James Stuart, mwalimu kijana wa Cambridge, alikwenda miji ya kaskazini mwa Uingereza kufundisha wanawake ambao chuo kikuu kilikuwa hakiwapokei. Somo lake, kwa bahati, lilikuwa hilihili la anga. Desturi za wakati ule ziliona haya kijana wa kiume kuulizana na mabinti maswali ana kwa ana, kwa hiyo akaandika maswali, wao wakamtumia majibu kwa posta, naye akayasahihisha na kuyarudisha. Majibu yalimiminika kupita alivyotarajia. Baadaye alifundisha mafundi wa reli mjini Crewe na wanaushirika wa Rochdale, na mwaka 1873 Cambridge ikaufanya mpango huo kuwa wake rasmi. Kusahihisha hakukuongezwa baadaye kama pambo.

Tulipopotea, kwa maoni yangu, ni pale wingi wa vichwa ulipogeuka kuwa ndiyo sifa. Mwaka 2011 kozi moja ya akili bandia ya Stanford ilifunguliwa bure kwenye intaneti, wakajiandikisha watu zaidi ya 100,000. Waliomaliza walikuwa sehemu ndogo tu ya hao, na hakuna binadamu wa kusoma daftari laki moja. Mashine ilisahihisha, na kwa hesabu za namba inafanya vizuri, sibishi. Lakini mashine ya kuchagua A, B au C isingeniuliza kwa nini mwezi wangu haugeuki.

Kuna ninachoweza kusifia. Juni 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha pendekezo kuhusu vyeti vya kozi fupi, na ndani yake mna orodha ya mambo ambayo cheti kinapaswa kuonyesha. Miongoni mwake ni mwenye cheti amejifunza kufanya nini, kwa saa ngapi, na amepimwa kwa njia gani. Huko krediti moja ya chuo huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Nikapiga hesabu ya siku zangu tano. Ningekuwa nimefanya kazi na kupimwa, saa zile 30 zingekuwa kama krediti moja, kajisehemu kamoja kati ya 60 za mwaka. Ni kidogo, lakini ni kitu kinachohesabika, unaweza kukiweka akiba hadi siku ukitaka kusoma zaidi. Karatasi niliyonayo inasema nilikuwepo. Hata viti vilikuwepo.

Walimu watanijibu kwamba wamezidiwa, na ninawaelewa. Washiriki 40 wakileta kurasa mbili mbili ni kurasa 80, na mwalimu ana wanafunzi wake wa shahada wanaomsubiri. Basi punguzeni slaidi. Siku moja kati ya tano iwe ya kusoma kazi zetu, na tuje na kazi halisi kutoka mezani kwetu, mimi barua yangu, mwingine bajeti yake, mwingine ratiba ya zamu iliyomshinda. Na tangazo liseme ukweli tangu mwanzo: cheti hiki ni cha kuhudhuria, au ni cha aliyepimwa. Anayetaka karatasi ya kuhudhuria aende kwa amani, mwajiri naye ajue anachokisoma.

Wiki iliyopita niliona tangazo la kozi ya wiki nane ya uhifadhi wa kumbukumbu za kidijitali. Safari hii sikuuliza ada wala tarehe. Nilipiga simu ofisi ya usajili nikauliza: kazi zetu atazisoma nani? Dada aliyepokea alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo, akaomba namba yangu atanipigia. Leo ni siku ya sita.

Karani wa Masijala,
Msomaji wako wa siku nyingi