Kabla hatujatoa nyumba za urithi kufanywa hoteli, tuulize maji yatapita wapi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, barua ni ndefu kidogo unisamehe, lakini jambo lenyewe linatugusa wengi tulio na nyumba za urithi Mji Mkongwe na naamini ndugu zetu wa Lamu na Mji wa Kale Mombasa nao limeshawafika.

Sisi tuna nyumba ya babu Sokomuhogo, warithi tuko tisa. Tangu mwaka juzi anakuja bwana mmoja mwekezaji, anataka tumkodishe miaka 33 aifanye hoteli ndogo, zile wanazoziita butiki, vyumba kumi na moja na kila chumba na bafu lake. Ndugu zangu wengine wako tayari hata kesho kutia sahihi na wala siwalaumu, paa linavuja, boriti za ukumbini zimeanza kupinda, na kodi tunayopata kwa wapangaji hainunui hata chokaa ya ukuta mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, leo nakubali kesho nakataa. Sasa Novemba mwaka jana mimi na mke wangu tukaenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, binti yetu anasoma kule, nikamwambia mwanangu usitutafutie hoteli kubwa, tutafutie hoteli ya namna hii hii, iliyo ndani ya nyumba ya zamani, nataka nione kwa macho yangu nyumba ikishafanywa hoteli inakuwa vipi.

Akatupatia moja Alfama. Alfama ndio mtaa mkongwe kabisa pale Lisbon, uko kwenye mteremko chini ya ngome ya São Jorge, na jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji ya moto, maana Waislamu waliutawala mji ule zaidi ya karne nne mpaka 1147 mfalme Afonso Henriques alipouteka. Teksi haifiki, ilitushusha karibu na kanisa kuu la Sé tukaburuza masanduku wenyewe juu ya vile vijiwe vyeupe vidogo vidogo walivyotandika njia zote, na mvua ilikuwa inanyesha, vinateleza kama sabuni, mke wangu kanishika mkono mpaka tumefika. Vichochoro vyembamba mtu akija mbele mmoja wenu abane ukutani, nguo zimeanikwa madirishani, bibi mmoja kakaa kizingitini kwake anatazama wapitao. Mke wangu akasema, baba Salma, mbona kama tuko kwetu.

Hoteli yenyewe ina vyumba tisa tu, ghorofa nne, lifti hakuna. Tulilipa euro 130 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na juu yake kuna kodi ya manispaa, kila mgeni euro 4 kwa usiku, kwa hiyo sisi wawili siku tano ikawa euro 40 nyengine. Mlango wa chumba chetu mfupi, mimi lazima niiname. Kuta nene kama zetu, ukikaa ndani husikii mvua mpaka ufungue dirisha. Ukutani kulikuwa na vigae vya bluu na vyeupe, azulejo wanaviita, neno hilo nalo asili yake Kiarabu, vengine vimeanguka zamani na pale palipobaki wazi hawakubandika vipya vya kuigiza, wamepaka chokaa tu wakaacha pengo lionekane. Nililipenda jambo hilo sana. Nyumba ina haki ya kuonesha umri wake.

Asubuhi ya pili alikuja mama wa kusafisha vyumba, mtu wa Cape Verde, akawa anabadilisha matandiko huku anazungumza na binti yetu aliyekuja kututembelea, mimi nimekaa pembeni sielewi kitu, mara nikasikia anasema "fronha" na mkononi kashika foronya! Nikaruka nilipokaa. Basi tukaanza, mimi nasema meza yeye anasema mesa, mimi kopo yeye copo, mimi bendera yeye bandeira, tulicheka yule mama na mimi kama watu tuliolelewa nyumba moja. Haya maneno tunajua wote kwamba yalikuja na Wareno, tulisomeshwa skuli, lakini kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu anayekutandikia kitanda ni kitu chengine kabisa.

Sasa nije kwenye nililolifuata. Ngazini, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, wameutoboa ukuta wakaweka kioo, unaona ndani. Ndani kuna magogo ya mbao yamepishana kama msalaba wa kulala, kumejazwa mawe na chokaa katikati. Binti akanieleza habari yake. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi, sikukuu yao ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, ardhi ikatikisika, bahari ikarudi nyuma halafu ikaja juu ya mji, kisha moto ukawaka siku kadhaa. Mji wa bondeni ulikwisha. Alfama kwa kuwa iko juu ya mwamba nyumba nyingi zilipona. Baada ya hapo waziri wa mfalme, yule anayejulikana kama Marquês de Pombal, akaamrisha mji ujengwe upya na wahandisi wakabuni huo mfumo wa mbao ndani ya ukuta, wanauita gaiola yaani tundu, kama tundu la ndege, ili ardhi ikitikisika mbao zicheze lakini nyumba isianguke. Nyumba yetu ile ya hoteli ilijengwa upya baada ya tetemeko kwa namna hiyo. Mimi nikakaa pale ngazini muda mrefu nafikiria boriti zetu za mikoko, na vipi chumba cha Mji Mkongwe hakipiti upana fulani kwa sababu boriti ndio mwisho wake hapo, wazee walijenga kwa kipimo cha mti walionao. Nyumba ina mifupa yake, ukiikata mfupa kwa kuwa unataka chumba kikubwa cha mgeni ushaiua.

Meneja wa hoteli ni mwanamama wa makamo, nyumba ni ya familia yao. Nilipomwambia kwa kupitia binti yangu kwamba nasi kwetu tuna nyumba ya zamani na mtu anaitaka kwa hoteli, hakuniuliza ina vyumba vingapi wala mlango gani, alichoniuliza ni kwamba mabafu mtayaweka wapi? Nikasema sijui, mwekezaji anasema kila chumba kitakuwa na lake. Akaniambia njoo. Akafungua kabati moja koridoni, nilidhani la mashuka, kumbe ndani hakuna kitu ila mabomba, yote ya nyumba nzima, ya maji safi na maji machafu, yanashuka toka juu mpaka chini mahali pamoja, yako wazi, hayakuzikwa ukutani hata moja. Mabafu yote yamepangwa moja juu ya jengine, ubavu ule ule wa nyumba. Na sakafu ya kila bafu imenyanyuliwa, imewekwa sinia la kukinga maji chini ya vigae, bomba likipasuka maji yanatokea kwenye kabati lile na mtu anayaona siku ile ile. Alisema vyumba vilikuwa viwe kumi na mbili lakini vitatu vilikuwa upande wa pili, mabafu yao yangebidi yapitishe maji juu ya mbao za zamani, mhandisi akakataa, wakaviacha vitatu vile. Kimoja ndio stoo, viwili wanakaa wenyewe.

Ndugu Mhariri, mimi nimezaliwa Mji Mkongwe na nimeona nyumba zikifa, na nyingi zimekufa kwa maji. Mtu anatia choo ghorofa ya pili mahali ambapo hapakuwa na choo, anazika bomba ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, linavuja kidogo kidogo miaka mitatu hakuna anayejua, ukuta unakunywa, boriti inaoza pale inapoingia ukutani ambapo jicho halifiki. Halafu juu yake anapiga saruji ili paonekane pazuri. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukishapiga saruji maji yanabaki ndani hayana pa kutokea na ukuta unaliwa kwa ndani huku nje unang'aa. Mafundi wetu wakongwe wanalijua hili kuliko mimi. Tumeona Beit el Ajab, jumba la Sayyid Barghash la 1883, lilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 tena likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa. Jumba la serikali lile, macho yote yako juu yake. Nyumba yetu sisi Sokomuhogo nani ataitazama akishapewa mtu miaka 33?

La pili ni majirani. Chini ya hoteli ile, chumba cha mlango wa njiani, kuna mzee fundi viatu. Alikuwa mpangaji tangu zamani za baba wa meneja, walipotengeneza nyumba wakamhamisha miezi kadhaa kisha wakamrudisha pale pale na benchi lake. Kila tukitoka tunamkuta na tunasalimiana. Lakini ukitembea mtaa wenyewe unaona kwamba yeye ni wa wachache waliobaki. Milangoni kumetundikwa vile visanduku vya chuma vya namba ambavyo mgeni anabonyeza anatoa ufunguo mwenyewe, mlango mmoja nilihesabu saba, ina maana nyumba nzima ile hakuna mkaazi hata mmoja, ni wageni wa siku mbili tatu wanapokezana. Jioni nikiangalia dirishani nyumba ya mbele yetu ghorofa zote giza, ila dirisha moja tu. Manispaa ya Lisbon mwaka 2018 ilisimamisha leseni mpya za nyumba za wageni kwa Alfama na mitaa mengine mikongwe kama Mouraria na Bairro Alto, lakini wakati huo wengi walikuwa wameshahama. Binti yetu mwenyewe na wenzake wamepanga ng'ambo ya mto, upande wa Almada, kila siku anavuka na feri kuja mjini kwa sababu kodi ya mjini hawaiwezi. Mji unang'ara, wenyewe wako ng'ambo.

Siku ya nne mvua ilizidi tukaingia makumbusho yao ya taifa ya sanaa za kale. Huko kuna chombo cha kanisa cha dhahabu, wanakiita Custódia de Belém, kilitengenezwa 1506, kimechongwa kama mnara wenye vinara, na sanamu ndogo za watu kumi na mbili wamepiga magoti. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama alipokuja safari ya pili mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa Kilwa alipe ushuru, na dhahabu hiyo ikafika Lisbon 1503. Miaka miwili baadaye Wareno wakarudi wakaivamia Kilwa yenyewe na Mombasa wakaichoma. Mke wangu alisimama mbele ya kile kioo hakusema neno mpaka tumetoka nje. Mimi lililoniuma ni kuona kimehifadhiwa vizuri mno, na magofu ya Kilwa kule kwetu nimeyaona na majani yake. Dhahabu ile ilichukuliwa kwa mizinga, babu zetu hawakuwa na la kufanya. Nyumba hizi sisi tunazitoa kwa kalamu, kwa hiari yetu, na tunaweza kuusoma mkataba kabla hatujatia sahihi.

Nimerudi, tumekaa kikao cha warithi Ijumaa mbili mfululizo baada ya sala. Sikuwaambia tukatae. Nimeona kwa macho yangu kwamba hoteli inaweza kuiweka nyumba hai, ile ya Alfama ingekuwa imeshaanguka kama si wageni tunaolipa euro 130. Tukakubaliana kumwandikia yule bwana mambo matatu. Kwanza atuletee ramani ya mabafu na mabomba kabla ya ramani ya vyumba, na kama vyumba kumi na moja haviwezekani bila kupitisha maji juu ya boriti basi viwe sita. Pili kuta zipigwe chokaa, saruji isiguse ukuta wa zamani, na mkaguzi wetu aruhusiwe kuingia kila mwaka kabla ya masika. Tatu chumba cha chini anachokaa fundi wetu wa cherehani, ambaye marehemu baba alimpa kwa mdomo tu bila karatasi, kibaki chake, na baraza ya nje ibaki ya watu wa mtaa kukaa kama siku zote, isiwekewe viti vya wageni na kamba.

Dada yetu mkubwa aliogopa kwamba bwana atakimbia. Barua amepelekewa huu mwezi wa pili sasa. Kuhusu chokaa amejibu hana tatizo, kuhusu fundi cherehani anasema tutazungumza, kuhusu mabomba hajajibu.

Naomba wasomaji wako ambao familia zao zimeshakodisha nyumba kwa hoteli, Unguja, Lamu au Mombasa, waandike hapa gazetini mikataba yao inasema nini juu ya maji na juu ya wapangaji wa chini. Sisi kikao chetu kengine ni mwisho wa mwezi.

Wako,
Mkaazi wa Sokomuhogo,
Mji Mkongwe, Unguja