Kosa kubwa la Odysseus si majigambo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashujaa wa Ugiriki ya kale ni hazina kwa wanafunzi wa fasihi hapa Mwanza. Hata hivyo imerudia hukumu iliyozoeleka mno: kwamba Odysseus alikuwa nahodha hodari na mwenye akili, na dosari yake ni moja tu, kujigamba mbele ya jitu lenye jicho moja. Naomba nafasi niipinge hukumu hiyo kwa kutumia utenzi wenyewe, Odyssey wa Homer, unaosimulia safari yake ya kurudi kutoka vita vya Troy, hasa vitabu vya 9 hadi 12. Humo anayesimulia ni Odysseus mwenyewe, ukumbini kwa mfalme Alcinous, akiwa anahitaji chombo cha kumrudisha kwao Ithaca. Ana kila sababu ya kujipamba. Kwa hiyo yale yanayomwelemea tuyapokee kwa uzito, kwa kuwa yametoka kinywani mwake.

Nianze na sifa zake, maana ni za kweli. Usiku wa kwanza pangoni mwa Polyphemus, jitu lile lenye jicho moja, baada ya jitu hilo kula watu wawili, Odysseus alishika upanga amchome akiwa usingizini. Akajizuia. Mlango ulikuwa umezibwa kwa jiwe ambalo hata magari 22 ya kukokotwa yasingeweza kuliondoa. Wangemuua jitu, kisha nao wafie humo humo. Kesho yake akakata kipande cha gogo la mzeituni, wenzake wakakilainisha, yeye akakichonga ncha, akaikausha motoni na kukificha chini ya samadi. Watu wanne wakapigiwa kura, yeye akawa wa tano. Alikuwa na mvinyo mkali ambao kikombe kimoja huchanganywa na vipimo 20 vya maji. Akamnywesha jitu bila kuuzimua, mara tatu. Baada ya kumtoboa jicho, akafunga kondoo dume watatu watatu, mtu mmoja chini ya yule wa katikati. Kila hatua ilikuwa na sababu, na kila aliyehusika alijua kazi yake. Hili la mwisho ndilo ninaloomba msomaji alishike.

Walipofika pangoni mara ya kwanza, wenzake walimsihi wachukue jibini na wana-kondoo waondoke. Alikataa. Alitaka kumwona mwenye pango, huenda akapewa zawadi za ugeni. Yeye mwenyewe anakiri ingekuwa heri angewasikiliza, kwani watu sita waliliwa. Tamaa basi ilitangulia majigambo. Majigambo yakaja baadaye, chombo kikiwa kimeshaondoka ufukoni, alipotaja jina lake, la baba yake na la kwao. Polyphemus akapata jina la kuombea laana kwa baba yake, Poseidon, mungu wa bahari: Odysseus achelewe, apoteze wenzake wote, afike katika chombo cha wengine na kukuta taabu nyumbani. Majigambo yana gharama yake, sikatai.

Lakini tuhesabu wafu. Aliondoka Troy na vyombo 12. Kule Ismarus, mji waliouvamia na kuupora, walikufa watu sita wa kila chombo, yaani 72, na hapo lawama ni yao: aliwaambia waondoke upesi, wao wakabaki wakinywa na kuchinja. Msiba mkubwa ulikuja kitabu cha 10, na chanzo chake ni ukimya wa nahodha.

Aeolus, mtunza pepo, alimfungia pepo zote mbaya ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe, akamwachia upepo wa magharibi tu umpeleke kwao. Odysseus akashika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, siku tisa, mchana na usiku, bila kumwachia yeyote. Siku ya kumi wakaona watu wa Ithaca wakichochea moto. Hapo usingizi ukamwangusha. Mabaharia, ambao hakuwa amewaambia kilichomo mfukoni, wakadhani ni dhahabu na fedha, wakafungua. Sentensi moja, kwamba mna upepo humu, msiguse, ingemaliza safari. Aliwanyima neno hilo, akawanyima na kamba. Mtu asiyemwamini mwenzake kwa zamu moja ya demani lazima atalala mahali pabaya.

Kisha wakafika kwa Laestrygones, majitu wanaokula watu. Bandari ile imezungukwa na majabali, mdomo wake ni mwembamba, ndani hakuna wimbi hata dogo. Vyombo 11 vikaingia na kufungwa karibu karibu. Chombo cha Odysseus peke yake kilibaki nje, kamba imefungwa kwenye mwamba. Wale majitu walipoanza kutupa mawe kutoka juu, waliokuwa ndani hawakuwa na pa kutokea, na Odysseus akakata kamba kwa upanga akaamuru makasia. Mvuvi yeyote wa Igombe au Kayenze angeuliza: kama nahodha aliiona hatari ya kujibana ndani ya ghuba yenye mlango mmoja, mbona hakuwaita wenzake watoke? Odysseus hasemi kwamba aliwaonya. Hasemi hata kwa nini yeye alibaki nje. Walipofika kisiwani kwa mchawi Circe aliwagawa waliosalia makundi mawili, na Eurylochus, mmoja wa wenzake, akaondoka na watu 22. Maana yake, kutoka vyombo 12 walibaki watu wasiofika 50.

Mwanzo wa utenzi unasema wenzake waliangamia kwa upumbavu wao, kwa kula ng'ombe wa Helios, mungu wa jua. Hiyo ni kweli kwa waliokuwa katika chombo cha mwisho. Wale wa vyombo 11 hawakugusa ng'ombe hao.

Niwe mwadilifu kuhusu Scylla, dubwana la baharini lenye vichwa sita. Pale pia alinyamaza, na sita wakanyakuliwa, lakini Circe alikuwa amemwambia hakuna silaha inayofaa, na kwamba ni afadhali kupoteza sita kuliko wote. Angewaambia, wangeacha makasia na kujificha ndani ya chombo. Ukimya ule naukubali. Wa mfuko wa pepo siukubali, kwa sababu haukumkinga mtu yeyote.

Wanafunzi wetu wanamjua Fumo Liyongo, na inafaa wawalinganishe. Liyongo akiwa kifungoni alimwimbia kijakazi Saada maagizo ya tupa iliyofichwa ndani ya mkate, mbele ya walinzi, akaokoka kwa kushirikiana na wengine. Baadaye akamwambia mwanawe siri ya sindano ya shaba kitovuni, ikamuua. Mmoja aliangamia kwa kusema, mwingine aliangamiza wenzake kwa kutosema.

Nyumbani Ithaca, akiwa amejigeuza ombaomba, uvumilivu wa Odysseus ni wa ajabu: Antinous, mmoja wa wachumba waliokuwa wakimposa mkewe, anamtupia kigoda kinampata begani, naye anatikisa kichwa tu. Hata hivyo aliendelea kuficha hata pasipo haja. Wachumba 108 wakiwa wameshakufa, alimwendea baba yake Laertes shambani na kumdanganya kuwa ni mgeni, hadi mzee akajimwagia vumbi kichwani kwa huzuni. Hakukuwa na adui pale.

Kitabu cha 24 kina shitaka ambalo makala yenu haikuligusa. Eupeithes, baba wa Antinous, anasimama mbele ya watu huku akilia: mtu huyu aliondoka na vyombo na watu wengi wema, akapoteza vyombo, akapoteza watu, na sasa amerudi kuua wengine. Wawili wanainuka kumjibu, Medon na Halitherses, na wote wanazungumzia wachumba tu. Kuhusu vyombo hawasemi neno. Laertes anamuua Eupeithes kwa mkuki, kisha mungu wa kike Athena anasimamisha vita.

Naomba mtakapoendeleza mfululizo huu mchape muhtasari wa kitabu cha 10 na wa hotuba ya Eupeithes, ili walimu wanaotumia gazeti lenu darasani wawape wanafunzi kesi yote, na swali liwe hili: Odysseus angemjibu nini?

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza