Barua kwa mwanangu: mtu wa kumi

Walukuba, Jinja, Uganda
Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mvua imetushika, na paa la studio linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Barua hii naiandika kwa kalamu, mdogo wako ataipiga picha akutumie, maana nikishika simu niandike mwenyewe tutafika Krismasi.

Ulipopiga Jumapili kuniambia umepata kazi ya kupiga picha za harusi huko Vermont, Marekani, nilifurahi, mpaka ulipotamka neno moja. Ulisema, "Ni kaharusi tu, Mama, watu 22, kwenye klabu ya gofu. Nitamaliza mapema." Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi.

Wewe umekulia kwenye harusi za watu 400. Ulinishikia taa tangu hujafika kiunoni mwangu. Harusi zetu unazijua: mikutano inaanza miezi kabla, kila mtu anaahidi mchango, na aliyechanga lazima aje ale. Siku yenyewe unasukumana viwiko na watu wa video, mashangazi wamenyanyua simu mbele ya lenzi yako, na MC anaita, "Upande wa Mbale, jongeeni!" Pale ukikosa pete utapata keki, ukikosa keki utampata babu akicheza. Umati unamficha mpiga picha. Watu 22 hawamfichi mtu.

Harusi ndogo nilikutana nayo mwaka 2020. Wewe ulikuwa umeshaondoka, na sikuwahi kukusimulia vizuri. Unakumbuka Machi ile Rais alitangaza harusi zisizidi watu 10. Baadaye watu wakaziita harusi za kisayansi, kwa utani, na jina likaganda. Studio ilikuwa imefungwa, nilikuwa nakula akiba, basi nilipoitwa nyuma ya nyumba moja huku kwetu sikuuliza maswali. Harusi ilifungwa chini ya mwembe. Mchungaji, maharusi, wazazi wa pande zote wanne, mashahidi wawili. Hao ni 9. Wa 10 ni mimi.

Nilipiga kwa raha ambayo sikuwahi kuipata. Nafasi tele, hakuna wa kunisukuma, kivuli cha mwembe laini kama pazia. Nilipopiga goti kutafuta pembe nikaona vidole vimeshika uzio wa waya upande wa barabara. Mama mtu mzima, gomesi yake ya zambarau imefungwa mshipi vizuri, kilemba kichwani, amesimama kwenye vumbi. Nikamuuliza mama wa bibi harusi kwa sauti ya chini, yule nani? Akanijibu bila kuinua macho: "Shangazi yake aliyemlea. Tulihesabu, tukafika kumi."

Unajua shangazi ni nani huku. Senga, ndivyo tunavyomwita, ndiye anayemfunda binti, ndiye anayemtoa. Na mimi nilikuwa nimekikalia kiti chake, tena nimelipwa.

Ningekuwa na akili siku ile ningetoka. Lenzi ndefu nilikuwa nayo begani, ningepigia nje ya uzio, yeye akaingia, hesabu ikabaki ileile. Niliwaza hivyo, kweli, halafu nikawaza malipo yangu na picha za pete ambazo zingetoka na waya mbele, nikabaki. Nilichofanya ni kugeuka, nikawapa maharusi mgongo, nikampiga yeye. Mara moja tu. Picha hiyo ndiyo waliyoikuza wakaitundika sebuleni, kuliko zote. Wananisifu nayo kila nikipita. Mimi nikiiona naangalia pembeni.

Basi hao 22 wako, jua kwamba kuna mtu alikaa mezani na kalamu akikata majina. Kuna binamu hajaalikwa na amenuna. Wewe ni wa 23, unaingia bila kukatwa. Usiingie kama fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Omba majina yote mapema na umjue kila mtu ni nani kwa maharusi, nani ana mgonjwa, nani hasemi na nani. Fika saa nzima kabla, salimia wakubwa kwanza, kamera ikiwa imening'inia tu shingoni wakuzoee. Zima mlio wa shata. Kwenye kimya cha watu 22 ule mlio ni kama mtu anavunja njugu kanisani. Chagua lenzi moja au mbili na utembee kwa miguu yako. Mtu anayebadilisha lenzi kila dakika watu wanamtazama yeye.

Na sehemu nyingine shusha kamera. Hili marehemu baba yako alinifundisha kwa hasira, maana nilikuwa napiga hata watu wakilia.

Sasa mwanga. Majira hayo ya majani sijawahi kuyaona. Vitabu vinayaita vuli, lakini vuli ninayoijua mimi ni mvua. Jua lakini nalijua. Hapa kwetu karibu na ikweta linashuka wima kama jiwe kisimani. Oktoba linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na ule mwanga wa dhahabu ukichelewa kwa kufunga kamba ya kiatu umeukosa. Huko linashuka kwa mshazari, na hata adhuhuri halipandi utosini, kwa hiyo mwanga mzuri utakaa nawe muda mrefu kuliko ulivyozoea. Lakini siku ni fupi. Katikati ya Oktoba jua la Vermont linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na wakisharudisha saa zao nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa kumi na moja haifiki kabla halijazama. Waulize ibada inaanza saa ngapi kabla hawajachapa kadi. Wakikuambia saa kumi na moja, waombe kwa upole wairudishe nyuma.

Ulisema miti yote ya klabu imegeuka njano na nyekundu. Mwalimu wa sayansi hapa jirani ananiambia ile njano ilikuwemo kwenye jani wakati wote, imefunikwa na kijani. Klorofili ikivunjika ndipo inaonekana. Nyekundu ya miti ya maple ndiyo inayotengenezwa wakati huo. Jambo zuri, lakini kamera yako hailijui. Ukiiachia ipime rangi yenyewe itaona njano nyingi, itadhani ni kasoro, na itaipoza mpaka ifanane na siku yoyote. Weka kwenye alama ya jua, uiache hapo. Halafu angalia shela: chini ya mti wa njano shela nyeupe inakuwa njano, na kwenye majani ya gofu rangi ya kijani inapanda hadi chini ya kidevu. Wasogeze hatua tatu uwanjani na utaona tofauti kwa macho.

Kuhusu gofu yenyewe, waulize wenye klabu wapi hapakanyagwi. Wana wivu na nyasi zao. Sisi hapa Jinja tulikuwa na sheria ya kiboko, unaikumbuka? Mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko aliyepanda usiku kutoka mtoni, mchezaji anaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Huko sidhani kama utamkuta kiboko, ila wachezaji wanaweza kupita nyuma ya mchungaji na mifuko yao katikati ya kiapo. Uliza wanamaliza saa ngapi.

Umeniambia bwana harusi ni mweusi kama wewe na bibi harusi ni mweupe sana. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapokuamini kuliko wenzako wa huko. Enzi za filamu maabara za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, mafundi wakiiita Shirley. Ndiyo maana picha nyingi za rangi za ujana wetu zilitutoa macho na meno tu. Mimi nilibaki na nyeusi na nyeupe miaka mingi kwa sababu hiyo. Kwenye chumba cha giza uso wa mtu niliumiliki mwenyewe, nikauchunga mpaka unatoka. Wewe una kamera bora, lakini bado ikiona shela kubwa nyeupe itatia giza kila kitu, na wa kwanza kupotea ni bwana harusi. Pima uso wake. Shela ilinde isiungue, lakini uso wake kwanza. Waweke jua likiwa nyuma yao, wapate mwanga wa anga mbele, wote wawili watatoka sawa.

Picha ya watu wote piga mapema, kabla hawajaanza kunywa. Ni 22, wanaenea kwenye safu mbili. Piga wanaokutazama, halafu piga nyingine ukiwaambia wawatazame maharusi. Hiyo ya pili utaona.

Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazinyonya. Mkitoka uwanjani kuingia ukumbini penye moto, acha kamera ndani ya begi kidogo, la sivyo lenzi itapiga ukungu wakati wanakata keki.

Mdogo wako anasema karatasi imeisha. Kanzu ya baba yako nimeifua na kuipiga pasi, naituma na mtoto wa mama Hadija anayesafiri Desemba. Na ukiwa huko klabuni, kabla ibada haijaanza, toka nje mara moja uangalie getini.

Mama yako