Barua kwa dada yangu, mwanao kaingia navy bila fani

Dada yangu, assalamu alaykum.

Nakuandikia hapa waziwazi badala ya WhatsApp manake najua hauko peke yako, wako wazazi wengine hapa Lamu na huko Malindi na Mombasa ambao watoto wao walipata grinikadi, kibali cha kuishi Marekani, kwa bahati nasibu wakaenda Marekani, na leo wamesaini jeshi, na mzazi anabaki na maswali anaona haya kumuuliza mtu. Jina lako silitaji wala la kijana. Utajijua mwenyewe.

Naona kinachokuuma zaidi si hata kule kwenda kwenyewe, ni kwamba kaingia navy, jeshi la majini la Marekani, bila fani, yaani bila kazi maalumu aliyopangiwa. Mtoto wa fulani yuko uuguzi, wa fulani umeme wa ndege, wako ukiulizwa kaenda kufanya kazi gani unasema tu "navy" halafu unabadilisha mazungumzo. Na wale wa kukaa barazani Mkunguni hapa mjini washakwambia ati ataenda kufagia meli. Kijana wangu aliingia kwa mlango huohuo kwa hivyo niachie nikueleze ulivyo, mazuri yake na machungu yake.

Kwanza usidhani hana akili. Kabla ya kusaini wanafanyishwa mtihani unaitwa ASVAB, hesabu, Kiingereza, mambo ya mitambo na umeme, na alama za kila sehemu ndo zinaonyesha kazi gani unaweza kupewa. Lakini alama sizo peke yake. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuingia jeshini ila kwa vile bado si raia hapewi ile ruhusa ya kushika siri za serikali, na kazi nyingi za navy zinaitaka, mawasiliano ya siri, ujasusi, mitambo ya nyuklia, zote hizo kwake zimefungwa hata awe na alama za kuvunja rekodi. Orodha inabaki fupi, na katika hiyo fupi pengine nafasi zimejaa au mpaka angoje miezi. Hapo ndo kijana anaambiwa basi ingia bila fani, utaipata mbele. Wa kwangu alikubali kwa sababu alichoka kungoja, na wako naona ni vivyo hivyo.

Wakiingia hivo wanagawanywa makundi matatu. Seaman ni wa dekini, Fireman anashuka chini kwenye injini na mitambo, Airman anapelekwa kwenye mambo ya ndege, hasa zile meli zinazobeba ndege. Wakitoka kambini wanapewa mafunzo mafupi halafu moja kwa moja melini, wakati wenzao wenye fani bado wako shule.

Na kazi ni ngumu, sitakuficha. Wa dekini anabandua kutu, anapaka rangi, kesho anarudi palepale kubandua tena manake chumvi haina likizo, anashika kamba meli ikifunga gatini, anasimama zamu ya usiku kuangalia bahari, anafundishwa kushika usukani. Kijana wangu aliniambia kazi iliyomtia hofu mwanzo ni pale meli mbili zinapokwenda sambamba katikati ya bahari, karibu karibu, zinarushiana kamba halafu zinapitisha mipira ya mafuta toka moja kwenda nyengine, zote ziko mwendoni, na wanaoshika zile kamba ni hao hao wasiokuwa na fani. Mtu asikwambie ni kufagia.

Na wewe mtoto wa baharia, hebu kumbuka baba alianzaje. Si alianza kwa kufua maji na kupika, chombo kikipandishwa pwani anakikuna na kukipaka deheni, anasaidia wenye kutia kalafati, miaka hiyo majahazi yanachukua boriti kwenda nazo Ghuba kwa kusi, kabla serikali haijapiga marufuku boriti kutoka nje ya nchi 1982. Hakuna aliyemuuliza fani yake. Sukani alikuja kushika baadaye, na userehangi, ukubwa wa mabaharia, baadaye zaidi, na nahodha aliyemtoa kwenye ndoo alimtoa kwa sababu alimwona anauliza kila kitu.

Hapo kwenye kuuliza ndo nataka unisikilize sana. Hatari ya kuingia bila fani si kazi chafu, hatari ni kusahaulika. Wa kwangu alivyokaa melini kama mwaka akawa anaruhusiwa kuomba fani, lakini kuomba kwenyewe kunataka vitu: usiwe na kesi za nidhamu, wakubwa wako wakupendekeze, fani unayoitaka iwe na nafasi, na alama zako zifike. Alama zikiwa ndogo kuna mtihani wa kurudia kwa walioko kazini, unasoma usiku unafanya tena. Kuna vijana walingoja waitwe, wakakaa wanabandua kutu huku wenzao wanaondoka mmoja mmoja. Mmoja waliyekuwa wakilala chumba kimoja na wangu alikuwa kila akipata nafasi anakwenda kule kwa watu wa stoo na vipuri anawasaidia bila kuambiwa, mpaka mkubwa wa kule akamtaka. Wangu mwenyewe aliangalia kote akaamua kubaki dekini, akawa boatswain's mate, fani ya kazi za dekini, leo yeye ndo anawaamuru wenye kamba, na anaipenda kazi yake wallahi kuliko mimi nilivyopata kupenda kazi yoyote.

Kwa hivyo ukizungumza naye muulize maswali ya maana. Usimuulize "lini watakupa kazi ya heshima". Muulize wiki hii umeona idara gani imekuvutia, umezungumza na nani huko, umeshaanza kusoma ule mtihani. Na muulize kuhusu uraia, hilo liwe la kwanza kabisa, manake wanajeshi wana njia yao ya kuomba uraia, hawangoji miaka kama watu wengine na hawalipi ada ya maombi, na akishakuwa raia zile kazi zilizofungwa zinaweza kumfungukia. Kijana wa miaka kumi na tisa akichoka jambo kama hilo analiahirisha tu. Anataka mtu wa kumkumbusha na hakuna atakayemkumbusha kama mamake.

Sasa hivi lakini yuko Great Lakes, jimbo la Illinois, kando ya ziwa Michigan, juu kidogo ya Chicago, kambi imefunguliwa tangu 1911 na makuruti wote wa navy wanapita hapo siku hizi. Simu yake wameichukua. Ile aliyokupigia ya haraka haraka, "mama nimefika salama", halafu ikakatika, ni hivo hivo kwa wote, usikae unalia ukidhani amekasirika. Barua za karatasi zinafika. Posta ya huku ukiitegemea atamaliza mafunzo haijafika, kwa hivyo mwambie shemeji kule Ohio akuandikie, wewe sema kwa voice note yeye atie kwenye bahasha. Iwe fupi, habari za nyumbani, nani kaolewa, samaki bei gani. Na halua usimpelekee, vyakula kwenye vifurushi hawaruhusiwi. Mtihani wa kuogelea usikutie wasiwasi hata kidogo, ni kuruka majini, kuogelea yadi 50, kulala juu ya maji dakika tano na kujaza nguo hewa, mtoto aliyekulia Shela huyo.

La dini. Najua maneno unayoambiwa, na najua wewe mwenyewe moyo umegawanyika, mtoto wa Kiislamu kwenye jeshi la Marekani. Mimi pia nililipima, nikaenda kwa masheikh, na kila mzazi atajibu kwa Mola wake. Ninachoweza kukwambia ni kwamba navy ina maimamu wake tangu 1996, na wangu anaswali na anafunga. Na la hatari pia sitalipamba, sisi watu wa Lamu hatuhitaji kuhadithiwa, tarehe 5 Januari 2020 pale Manda Bay waliuawa Wamarekani watatu na sisi tuko hapa ng'ambo tu. Kazi ya jeshi ni ya jeshi. Mwombee, na usimfiche kwamba unaogopa, ila usimtwike hofu yako kila akipiga.

Na pesa, dada. Nimesikia nyumbani washaanza kupanga paa na ada za wadogo zake. Anaanza na cheo cha chini kabisa, mshahara wake ndo mdogo kuliko wote mle, nakuomba mwaka huu mumwache apumue. Akituma mwenyewe ni sawa. Lakini asiombwe, hata na mimi nitawaambia wajomba zake wengine.

Siku ya kufuzu wanaonyesha moja kwa moja mtandaoni, kule asubuhi huku jioni, mtakuja kwangu wote na bibi mumlete, intaneti yangu haikatiki sana. Kabla ya hapo nitumie picha ya ule mkataba wake, kurasa zote usiruke hata moja, nataka niangalie amesaini miaka mingapi ya kazi na mingapi ya jeshi la akiba, manake kwa jumla ni 8, na kama ni Seaman au Fireman, na kama kuna ahadi yoyote aliyopewa na yule rekruta aliyemwandikisha kwa mdomo tu ambayo haiko kwenye karatasi, manake hiyo asiihesabu. Nitumie leo usiku ukiweza.

Kaka yako.