Baada ya Arobaini

Zuhura mwenzangu,

Salaam nyingi, na wanao nao nawasalimu. Barua yako nimeipata. Umeuliza muanzie wapi na hicho kikundi cha wazazi wapya hapo mtaani. Kabla ya kutafuta jina, katibu na mhuri, amueni kwanza kikundi kitakuwa na kazi gani siku ya arobaini na moja.

Maana ndani ya arobaini watu hawapungui. Mama wa mzazi yupo, mashangazi wapo, maji ya kukanda yanachemka, uji wa pilipili manga umejaa kwenye chupa ya chai. Hapo kazi yenu ni ndogo. Wakumbusheni wanaokanda wasimuunguze mzazi, hasa mwenye mshono. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala mafuta. Kisha kila mtu nyumbani ajue dalili zisizongoja asubuhi: mtoto ameacha kunyonya, ana degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, mwili una joto kali au umepoa, au amekuwa wa manjano siku ya kwanza. Yoyote kati ya hizo ni kituoni moja kwa moja.

Ugumu unaanza wiki ya sita, ya saba. Wageni wamerudi makwao. Baba alirudi kazini siku nyingi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa siku 3, mama 84, au 100 akijifungua pacha, na anayeuza mboga hana hata moja. Wakati huohuo kilio cha mtoto kinafika kileleni. Watoto wengi wazima kabisa hulia zaidi karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mama asipoambiwa hilo mapema, bibi wa mtoto atamwambia lingine: maziwa yako mepesi, mpe uji. Mtoto akishiba uji ananyonya kidogo, akinyonya kidogo maziwa yanapungua kweli, na bibi anaonekana alisema kweli tangu mwanzo.

Kwa hiyo bibi msimwache nje ya kikundi. Mwiteni kwenye kikao cha mwezi wa pili, na msimhubirie. Mwonyesheni vipimo viwili: mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mchana na usiku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Vikiwa sawa, kilio kina sababu nyingine. Mstari ukilala, msibishane, nendeni kliniki.

Idadi: mama wanane hadi kumi na wawili, watoto wao wawe wamepishana miezi mitatu tu, isizidi. Mkimchanganya mwenye mtoto wa wiki nane na mwenye wa miaka miwili, huyu wa pili atazungumza kikao kizima na mwenzake atatikisa kichwa. Kutaneni kila wiki mbili kwenye kivuli na mikeka, si zahanati, kwa saa moja na nusu, na isiwe siku ya gulio.

Kikao kinaharibika kinapogeuka semina. Dakika kumi za maelezo zinatosha. Muda unaobaki mama acheze na mwanawe mbele yenu, na mwezeshaji atazame tu. Akimaliza, ataje jambo moja mama alilofanya vizuri, kisha amwongezee moja la kujaribu nyumbani, basi. Mkimpa matano hatafanya hata moja. Kwa mtoto wa miezi miwili, jambo hilo laweza kuwa kumtazama usoni, kumsemesha, kisha kunyamaza mpaka ajibu kwa sauti au kwa mdomo. Kusubiri huko ndiko wazazi wengi wanakokuruka. Wanasema, wanasema, mtoto hapati zamu.

Vitu vya kuchezea msinunue. Chupa ya maji yenye punje za mahindi, kifuniko kikigandishwa kwa gundi kisifunguke, ni kayamba tayari. Vikombe vya plastiki vinavyoingiliana na kipande cha kanga cha kufichia uso vitawafikisha mbali. Hatari ni vidogo: chochote kinachopita kwenye kile kigogo cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vifuniko vya soda, kokwa za ubuyu na betri za rimoti zisikae mkekani.

Mkifika mwezi wa sita, ugomvi utakuwa unga wa lishe. Ule wa nafaka saba unaouzwa sokoni mimi siupendi. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano vyote ni kundi moja la chakula, kwa hiyo kuviongeza hakuongezi mengi, na karanga iliyosagwa pamoja navyo huchacha mapema. Karanga na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu, yaani sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Chukueni nafaka moja, mkaange na kusaga karanga safi kidogo kidogo pembeni, mtie kwenye uji ukiwa jikoni. Uji uwe mzito, usidondoke kirahisi kijikoni. Mara mbili hadi tatu kwa siku kwa miezi 6 hadi 8, mara tatu hadi nne kuanzia 9, na titi linaendelea. Yai, dagaa waliosagwa na mboga za majani vianze mapema, si baada ya meno.

Utepe wa kupima mkono mwombeni mhudumu wa afya wa jamii. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Pimeni mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia, na utepe usibane nyama. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, siku hiyohiyo kituoni. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano.

La mama mwenyewe msilisahau. Machozi ya siku za kwanza huisha ndani ya wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, au halali hata mtoto akilala, au mtoto hamvutii, huo ni ugonjwa na una tiba. Si uvivu, wala si lazima awe na shetani. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe kituoni leo.

Kikoba kiwe na siku yake na daftari lake. Mkikusanya fedha kwenye kikao hiki, asiye na mchango ataona haya na kuacha kuja, na mara nyingi ndiye mliyemwanzishia kikundi.

Kwa ofisi, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa kata mkitaja ile programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Mwombeni aje kikao cha pili. Cha kwanza kiwe cha mama peke yao, wazoeane.

Niandikie tarehe za kuzaliwa za hao watoto, majina si lazima, nikupangie makundi.

Wako,
Mwanaidi