Kreni ya tani 50 haibebi tani 50 popote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaokodi kreni.

Kila siku simu ni ile ile: "Mna kreni ya tani 50? Ileteni saa mbili." Haulizi mtu mzigo utawekwa umbali gani, wala chini ya ardhi kuna nini. Hizo tani 50 kreni inazibeba mzigo ukiwa karibu nayo kabisa, mara nyingi mita 3 tu kutoka katikati inapozungukia. Ukiusogeza hadi mita 20, kreni hiyo hiyo haifikishi hata tani 10. Jedwali la uzito limo kwenye kibanda cha opereta, naye analijua. Anayeamuru ndiye halisomi.

Mwaka juzi nilishika kamba ya kuongozea jenereta ya tani 6 tuliyokuwa tunaipitisha juu ya ukuta. Kengele ya kuzidi mzigo ikalia, mkono wa kreni ukagoma kwenda mbele. Fomani akapaza sauti: "Izime hiyo, tunachelewa!" Opereta akageuza ufunguo wa kuinyamazisha. Kuanzia hapo kreni inakubali kila inachoambiwa. Haikupita dakika, mguu wa kushoto wa kreni, ile nguzo ya pembeni inayoitegemeza, ukadidimia. Palikuwa na mtaro wa bomba uliofukiwa, na chini ya mguu hapakuwekwa hata ubao mmoja. Kutupa jicho upande wa pili, naona mwanga unapita chini ya sahani ya mguu wa kulia, yaani umenyanyuka. Niliachia kamba nikakimbia. Jenereta ikaangukia ukuta, mkono wa kreni ukapinda. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Kreni ililala uani miezi saba ikingoja mkono mpya kutoka ng'ambo, na aliyefukuzwa kazi ni opereta!

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la usalama. Nawaomba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakifika saiti wasiishie kwenye cheti cha kreni. Waulize ufunguo ule anakaa nao nani, kisha wainame watazame chini ya miguu ya kreni.

Nanyi wenye kreni, mali ni yenu. Iandikeni kwenye mkataba wa kukodi: opereta akisema mzigo haubebeki, haubebeki, na saa zake zinalipwa.

Mfunga mizigo,
Kigamboni, Dar es Salaam