Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa: picha tumeshapiga, sasa tunaomba mkufunzi

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu.

YAH: WAKUFUNZI ULIOTUAHIDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua mwalimu wa darasa la pili hamwandikii Afisa Elimu wa Mkoa moja kwa moja. Kuna Mwalimu Mkuu, kuna Afisa Elimu Kata, kuna wilaya. Huko kote nimepita. Barua ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na zilipopokelewa ndipo zilipoishia. Kwa kuwa mambo ya ubia wetu wa mafunzo ya walimu hutangazwa hadharani, kwa bango na kipaza sauti, nimeona malalamiko nayo yaje hadharani, tusitofautiane.

Wiki iliyopita wadau wa ubia huo walitutembelea. Bila shaka picha zimekufikia, na zilikuwa nzuri.

Usichokiona kwenye picha ni hiki. Kituo cha Walimu cha klasta yetu, yaani cha kundi letu la shule jirani, ambacho kwenye taarifa kinatumika kila wiki, ni ghala la alizeti. Kodi anapokea nani, sijui na sisemi. Siku mbili kabla ya ugeni vipindi vilisitishwa. Wavulana wa la sita na la saba wakahamisha magunia hadi darasa la awali, watoto wa awali wakahamia chini ya mbuyu, walimu tukapiga deki na kubandika chati za silabi tulizoazima shule jirani. Wageni wakafika saa tano. Kulikuwa na risala, hotuba, maji ya chupa, picha ya pamoja, picha ya walimu wa kike peke yao, na picha ya mgeni mmoja ameshika chaki. Saa saba haijagonga wakaaga. Tukaambiwa wanawahi treni ya umeme ya kurudi Dar es Salaam. Kesho yake magunia yalirudi yalikotoka.

Kabla hawajapanda magari ilizungushwa karatasi ya mahudhurio. Juu yake palichapwa: Mafunzo ya Mbinu za Kufundisha Kusoma, Darasa la I na II. Mafunzo gani? Hakuna aliyefundisha, hakuna aliyefundishwa. Tuliambiwa tusaini, tukasaini, kwa sababu nauli ilikuwa inatolewa upande wa pili wa saini. Kwa hiyo, Ndugu Afisa Elimu, mahali fulani kwenye taarifa ya robo mwaka mimi ni mwalimu aliyejengewa uwezo. Ningeshukuru kuambiwa ni uwezo upi.

Nikukumbushe ulichosema mwenyewe. Ubia huu ulipozinduliwa Dodoma mjini nilikuwemo ukumbini, nikiwakilisha kata yetu. Ulisimama ukasema zama za semina za hotelini zimekwisha. Ukasema mkoa, chuo cha ualimu, chuo kikuu na mfadhili wamekubaliana kwamba kila klasta itapata mkufunzi wake, atakuja kila mwezi, ataingia darasani, atamwangalia mwalimu akifundisha, kisha watakaa wazungumze. Tulipiga makofi, wengine kwa kusimama. Kwamba maneno hayo yalisemewa hotelini hatukuyatilia maanani siku hiyo.

Mkufunzi hajaja. Hajaja hata wa kupotea njia.

Labda nieleze kwa nini namtaka, maana huenda huko juu inaonekana tunataka posho. Darasa langu lina watoto mia na kitu. Wengi wao nyumbani wanaongea Kigogo au Kinyaturu, Kiswahili wanakutana nacho kwangu. Ukiandika ubaoni ba be bi bo bu, darasa zima linaitika mpaka bati linatetemeka, na mgeni atasema hawa wanasoma. Geuza mpangilio, anza na bo, halafu bi. Kimya. Walikuwa wanaimba. Wachache wanaosoma kweli wakifika kwenye silabi mwambatano, mbwa, ng'ombe, nywele, nao wanaanza kukisia kwa kuangalia picha kitabuni. Wako wanaoweza kutamka kila silabi ya sentensi, na ukimuuliza amesoma nini, anakutazama tu.

Sasa namfanyeje huyu wa mwisho, ndani ya kipindi kimoja, huku wenzake mia wakinisubiri? Hilo ndilo swali langu la kitaalamu, na nimelibeba muda mrefu. Chuoni halikujibiwa, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwa darasa la watoto arobaini na watano ambalo sijawahi kuliona tangu niajiriwe. Matokeo ya upimaji wa darasa la pili yalipotoka, niliandikiwa barua ya kujieleza kwa nini watoto hawajui kusoma. Nilijieleza. Niliandika kwamba hata mimi ningependa kujua.

Utaniambia kuna MEWAKA. Ipo, na sina ugomvi na wazo lenyewe. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini ni jambo la maana: mwalimu ajifunzie anapofanyia kazi, na wenzake, kila wiki, kwenye jumuiya ya ujifunzaji. Sisi jumuiya tunayo. Tunakaa Alhamisi, tunaulizana, inaonekana wote hatujui kitu kilekile, tunafunga kwa sala. Jumuiya ya ujifunzaji bila mtu aliyetutangulia hata hatua moja ni baraza la kupeana pole, na hilo nalo lina faida zake, lakini halimsaidii mtoto wangu wa nywele na ng'ombe.

Moduli ziko mtandaoni, kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sawa. Na vishikwambi tulipewa, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, tunashukuru. Bando ni la mwalimu. Bando hilohilo ndilo linalojaza PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa mtumishi, maana usipojaza huna utendaji. Mtandao wenyewe unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya nyumba za walimu, jioni, kama hakuna upepo. Mwenzangu mmoja huwa anapanda na kiti.

Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, darasa la kwanza na la tatu wakiwa wa mwanzo kuupokea shule za msingi, mafunzo yalitufikia kama chai iliyoongezwa maji kila mgeni alipobisha hodi: wakufunzi wa kitaifa wakawapa wa mkoa, wa mkoa wakawapa wa wilaya, wilaya ikampa mmoja wetu, naye akatupa sisi kabla ya kengele ya saa nne. Watoto walioanza la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, pamoja na la saba wa mtaala wa zamani. Wakifeli, barua za kujieleza zitaletwa kwetu. Za wale wa hotelini sijui zitapelekwa wapi.

Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 serikali ilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kutoa. Ikachukua vijana waliomaliza la saba, ikawafundishia ualimu hukohuko vijijini. Wanasimama darasani, wakitoka wanasoma wao, kwa masomo yaliyotumwa, kwa redio, na kwa wakufunzi waliopita katani. Walimu wa UPE wamechekwa sana nchi hii, na wengine walistahili. Lakini mama mpaka uzeeni alikuwa akimtaja mkufunzi wake kwa jina. Alifika kwa baiskeli, akakaa dawati la nyuma, akangoja kipindi kiishe, halafu akamuuliza: yule mtoto wa dirishani umemwona leo? Mama alisema tangu siku hiyo aliwaona watoto wa dirishani. Mimi nina stashahada na kishikwambi, na hajawahi kukaa mtu nyuma ya darasa langu isipokuwa Mthibiti Ubora wa Shule, naye alikuwa na haraka ya kuona andalio la somo.

Tusiende mbali mpaka UPE. EQUIP-T, ule mradi wa fedha za Uingereza ulioanza 2014, ulikuwa na mapungufu yake, ila waratibu elimu kata waliwezeshwa kutembea. Mratibu wetu wa wakati ule alikuwa akifika, mavumbi mpaka kwenye nyusi, anauliza maswali, anarudi kuangalia kama ulifanya. Mradi uliisha 2020 na ninavyodhani mafuta yaliisha nao. Pikipiki ipo. Imeegeshwa.

Kwa nini wakufunzi hawaji? Sina nyaraka mkononi, nina macho tu. Nadhani pesa ya safari zao inaliwa na uzinduzi, na tathmini ya uzinduzi, na kikao cha kupitia tathmini. Nadhani pia mfadhili anahesabu vichwa vilivyosaini, na vichwa vinapatikana kwa urahisi zaidi ukumbini kuliko kijijini. Na kuna hili la posho: mkufunzi akilala kijijini ni gharama, mwalimu akiitwa mjini ni gharama, lakini ya pili ina ukumbi, mpishi na mchapa mabango, kwa hiyo ina watetezi wengi. Kama nakosea nisahihishe, hadharani hapahapa, nitafurahi.

Maana wakufunzi si kwamba hawapo. Kanda ya kati hii ina chuo cha ualimu Mpwapwa, ina Bustani kule Kondoa, ina Kinampanda kule Iramba. Ina Chuo Kikuu cha Dodoma. Na wakufunzi huwa wanakuja katani! Kila wanachuo wakiwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, gari la chuo linaingia, mkufunzi anashuka, anamkagua mwanachuo wake, anajaza fomu, anaondoka. Mwanachuo huyo anafundisha darasa langu, mimi nimesimama mlangoni. Mkufunzi ananipa mkono, ananiuliza hali. Mara ya mwisho nilitaka nimshike shati nimwambie baba, kaa, nina swali. Je, hatuwezi kuanzia hapo? Akija kumkagua mwanachuo, abaki alasiri hiyo na walimu. Gari limeshakuja, mafuta yameshalipwa. Chakula cha mchana nitampikia mimi, ugali wa uwele na mlenda, na hatutamdai saini.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na orodha ndefu. Bando. Vitabu vya hadithi. Ghala lirudi kuwa kituo. Jina langu liondolewe kwenye karatasi ile. Nimeiangalia orodha nikaona ukipewa mambo yote hayo utaunda kamati, na kamati itahitaji kuzinduliwa. Nimefuta. Limebaki moja: mkufunzi aje darasani.

Naambiwa na wenzangu kwamba kwa barua hii nitahamishwa. Inawezekana. Ikibidi, naomba nipangiwe shule iliyo jirani na chuo cha ualimu, angalau nikutane na mkufunzi sokoni.

Lakini kabla ya hapo, tupe tarehe. Usitupe "hivi karibuni", wala "mchakato unaendelea", tunazo nyingi. Tarehe, mwezi, na jina la mkufunzi wa klasta yetu, vibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ambapo kila mzazi anaweza kusoma. Shule zinafunguliwa Julai. Nasubiri tarehe ya Julai.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la pili,
Shule ya msingi, Kanda ya Kati